Resista na Mwangwi wa Waya: Mhadhara kwa Mafundi, Walimu na Wanafunzi wa Elektroniki

Walionialika waliniomba nizungumzie namna resista zinavyotumika kulinganisha impedansi katika sakiti, na naona pale nyuma wawili watatu wameshaanza kusinzia kwa kusikia jina la mada tu. Nivumilieni kidogo, kuna gari bovu ndani ya mhadhara huu, na kuna spika za msikiti.

Kusudi langu ni moja. Wanafunzi wengi, na mafundi wazoefu pia, huamini kwamba resista ikiwekwa kwenye kiungo cha vifaa viwili visivyolingana, nguvu nyingi zaidi itapita. Haipiti. Resista haijawahi kuongeza nguvu mahali popote. Kazi yake ni kuigeuza joto. Tunaiweka kwa sababu zipo sehemu ambazo umbo la ishara lina thamani kuliko nguvu yake, na ili umbo hilo lisivurugwe tunakubali kutoa sadaka sehemu ya nguvu. Kwa hiyo kila mara nitakapotaja resista jioni hii, nitataja na bei yake.

Hoja ya kwanza: waya una impedansi yake, na mita haiioni.

Chukueni kebo ya antena ya televisheni, ile iliyoandikwa omu 75. Wekeni mita kati ya waya wa ndani na wavu wa nje, ncha ya pili ikiwa wazi. Mita itasema hakuna njia kabisa. Basi hizo omu 75 ziko wapi? Mita inapima hali baada ya mambo kutulia. Omu 75 zinahusu muda mfupi sana wa mwanzo, pale ishara inapoingia kwenye kebo kabla haijajua mwisho wa safari kuna nini. Katika muda huo, volti na mkondo vinavyosafiri pamoja haviwezi kuchagua uwiano vinavyotaka. Unene wa waya wa ndani, upana wa wavu na plastiki iliyo kati yao ndivyo vinavyoamua: kwa kila volti 75 za wimbi, ampea moja.

Na safari hiyo inachukua muda. Katika kebo za kawaida za plastiki ishara hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, sawa na sentimita 20 kwa kila nanosekunde. Ni mbio kubwa, lakini kwa ishara zinazobadilika mara milioni mia kwa sekunde, mita chache za waya ni safari ndefu.

Aliyeeleza mambo haya kwa hesabu alikuwa Oliver Heaviside, mzaliwa wa Camden Town, London, mwaka 1850. Hakusoma chuo kikuu. Alikuwa mpiga simu za maandishi, akaacha kazi akiwa bado kijana, akajifungia nyumbani na hesabu zake. Jina impedansi alilitoa yeye mwaka 1886. Wakati huo kebo ya simu ya baharini ilikuwa imeshafika Zanzibar kutoka Aden, tangu 1879, ikaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Kwa hiyo tatizo alilokuwa akilihangaikia, la ishara kufika zimelegea na kuingiliana, lilikuwa limelala chini ya bahari yetu wenyewe. Katika maandishi yake Heaviside alionyesha jambo ambalo mhadhara huu wote umejengwa juu yake: ukifunga mwisho wa waya kwa resista iliyo sawa na impedansi ya waya, wimbi linalofika humezwa lote, hakirudi kitu.

Mtaniuliza kwa nini duniani kuna kebo za omu 75 na za omu 50, tusiwe na moja tu. Kwa kebo yenye hewa katikati, upotevu ni mdogo zaidi karibu na omu 77, na uwezo wa kubeba nguvu nyingi ni mkubwa zaidi karibu na omu 30. Watu wa televisheni, wanaopokea ishara dhaifu, walienda upande wa kwanza. Watu wa mitambo ya kurushia walikaa katikati, kwenye 50. Tukaachiwa ndoa ya mitala, na mafundi ndio wasuluhishi.

Hoja ya pili: pasipolingana, ishara hurudi.

Wimbi la bahari likipiga ukuta wa Forodhani hurudi. Likipanda ufuko wa mchanga unaoinuka polepole huishia pale pale. Ncha ya waya iliyo wazi ni ukuta. Resista ya thamani sahihi ni mchanga.

Kiasi kinachorudi hupatikana kwa hesabu ya kidato cha kwanza: toa impedansi moja kutoka kwa nyingine, gawanya kwa jumla yake. Kebo ya omu 50 ikikutana na kifaa cha omu 75, tofauti ni 25, jumla ni 125, jibu ni 0.2. Moja ya tano ya volti inarudi. Lakini nguvu hufuata mraba wa volti, kwa hiyo nguvu inayorudi ni 0.04, yaani asilimia 4 tu. Ishikeni namba hiyo, tutaihitaji.

Wazee mliomo humu mnaokumbuka Televisheni Zanzibar ilipoanza kurusha kwa rangi mwaka 1973, bila shaka mnakumbuka pia vivuli: msomaji wa taarifa ya habari mmoja, na pacha wake hafifu kando yake. Vivuli vingine vilitokana na milima na majengo. Vingine vilitoka kwenye kebo yenyewe. Ishara iliyokataliwa na televisheni hurudi hadi kwenye antena. Antena nayo isipolingana na kebo huirudisha tena chini. Kwa kebo ya mita 50, ziara hiyo ya ziada ni mita 100, nusu ya mikrosekunde. Mstari mmoja wa picha ulichorwa kwa mikrosekunde 52. Kwenye kioo chenye upana wa sentimita 50, pacha anaangukia karibu nusu sentimita pembeni. Na tazameni: ili kivuli kionekane, ncha zote mbili lazima ziwe mbovu. Ukitengeneza moja, mwangwi unakufa. Nitalirudia hili kwenye hoja ya nne.

Sasa gari. Magari mengi ya leo yana waya mbili zilizosokotwa zinazounganisha kompyuta ya injini, ya breki, ya gia na nyinginezo. Mfumo huo unaitwa CAN, na ulitangazwa na kampuni ya Bosch mwaka 1986. Waya hizo zilizosokotwa zina impedansi ya karibu omu 120, hivyo kila mwisho hufungwa resista ya omu 120. Fundi mwenye mita ya bei ndogo anaweza kukagua kazi hii bila kompyuta. Zima gari, toa betri, tafuta soketi ya uchunguzi chini ya usukani, pima kati ya pini ya 6 na ya 14. Resista mbili za 120 zikiwa sambamba hutoa 60. Ukisoma 60, ncha zote mbili ziko salama. Ukisoma 120, moja imepotea au waya umekatika njiani. Ukisoma 40, kuna resista ya tatu ambayo kiwanda hakikuiweka. Mara nyingi hapo ndipo unauliza mwenye gari kama amefungiwa kifaa cha kufuatilia gari siku za karibuni, naye anashangaa umejuaje. Ukisoma karibu na sifuri, waya mbili zimegusana. Kuna magari ambayo soketi hiyo imetengwa na mtandao wa ndani, na kwa hayo lazima upime mahali pengine; soma mchoro wa gari kwanza.

Mwanafunzi mwerevu atanipinga: gari lina waya wa mita tano au sita, mwangwi unakwenda na kurudi kwa nanosekunde 60 hivi, na kwa kasi ya biti 500,000 kwa sekunde biti moja inadumu nanosekunde 2,000. Mwangwi si utakuwa umeshatulia zamani? Mara nyingi, ndiyo. Ndiyo maana gari lenye resista moja huwaka na kutembea, likileta taa za onyo za ajabu siku moja moja, jambo linalomtesa fundi kuliko gari lililokufa kabisa. Ila katika CAN resista zina kazi nyingine. Kompyuta husukuma waya mbili zitengane kwa hali moja tu ya biti; kwa hali ya pili huziachia, na resista ndizo zinazozirudisha pamoja. Resista ikipotea zinarudi kwa uvivu, na biti moja inaingia ndani ya eneo la nyingine.

Hoja ya tatu: bei ya kulinganisha kwa resista.

Tuseme una kifaa cha kupimia cha omu 50 na unataka kupima kebo ya omu 75. Unahitaji kiungo ambacho kebo ikikitazama inaona 75, na kifaa kikikitazama kinaona 50. Resista mbili zinatosha: moja ya mfululizo upande wa 75, nyingine ya sambamba upande wa 50. Andikeni. Toa 50 kutoka 75, unabaki na 25. Zidisha kwa 75, unapata 1,875. Kipeuo chake cha pili ni 43.3, hiyo ndiyo resista ya mfululizo. Zidisha 75 kwa 50, gawanya kwa 43.3, unapata 86.6, hiyo ndiyo ya sambamba.

Tuhakikishe, msiniamini mimi. Ukisimama upande wa 75: omu 86.6 sambamba na 50 za kifaa ni 31.7, ongeza 43.3, jumla 75. Ukisimama upande wa 50: 43.3 na 75 za kebo ni 118.3, ziwe sambamba na 86.6, unapata 50. Kila upande umeridhika. Ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue ukakosa thamani hizo, chukua 43 na 91, utapata 75.3 upande mmoja na 51.4 upande wa pili, na kwa kazi nyingi hakuna atakayekulaumu.

Sasa bei. Kati ya nguvu yote inayoingia kwenye kiungo hiki, asilimia 27 ndiyo inayofika. Asilimia 73 inaishia kuwa joto ndani ya resista mbili. Kwa lugha ya desibeli ni upotevu wa 5.7. Na hakuna mpangilio mwingine wa resista unaolinganisha pande zote mbili kwa bei ya chini ya hapo. Huu ndio wa bei ya chini kabisa.

Rudini kwenye namba niliyowaambia mshike. Tungeunganisha 75 na 50 moja kwa moja, bila resista yoyote, tungepoteza asilimia 4. Tumelipa 73 ili kuepuka 4! Mhasibu wa nguvu angetufukuza kazi siku hiyo hiyo, na angekuwa na haki. Lakini mwenye kupima haogopi kupoteza, anaogopa kutojua. Asilimia 73 anaijua, haibadiliki kuanzia masafa ya chini hadi ya juu, na anaweza kuiongeza kwenye karatasi yake ya hesabu. Mwangwi hubadilika kwa kila masafa na kwa kila urefu wa kebo, huongeza hapa na kupunguza pale, na hakuna karatasi inayoweza kuusahihisha usipoujua wote. Hapa resista inaishinda transfoma pia. Transfoma nzuri ingelinganisha kwa upotevu mdogo sana, ila ina mipaka ya masafa chini na juu. Resista nzuri haijali masafa, hadi kwenye mpaka nitakaoutaja mbele.

Kuna ujanja mwingine wa aina hiyo hiyo. Weka kati ya vifaa viwili kipunguzi cha desibeli 10 kilichotengenezwa kwa resista tatu: kwa omu 50 ni 96 sambamba, 71 mfululizo, na 96 nyingine sambamba. Ishara inapungua mara kumi kwa nguvu. Lakini mwangwi unalazimika kupita humo mara mbili, kwenda na kurudi, kwa hiyo unapungua mara mia. Hata kifaa cha upande wa pili kikiwa kimechomolewa kabisa, chanzo kitaona asilimia 1 tu ya nguvu ikirudi. Sijui njia rahisi kuliko hiyo ya kuutuliza mtambo unaoyumba kwa sababu ya mzigo wake.

Hoja ya nne: resista mwanzoni mwa safari.

Hii ni fupi. Nilisema kutengeneza ncha moja kunatosha kuua kivuli. Kwenye bodi za kompyuta mafundi wa kuchora sakiti hutumia ukweli huo kwa kuweka resista ndogo, mara nyingi omu 22 au 33, mfululizo, karibu kabisa na chipu inayotuma. Chipu yenyewe ina omu kama 17 ndani yake. Ukijumlisha na 33 unapata 50, sawa na njia ya shaba ya bodi. Ishara inaondoka ikiwa nusu ya volti, inafika mwisho ulio wazi, inarudi na kukamilisha nusu ya pili, na inaporudi nyumbani inamezwa. Mpokeaji ameona ishara kamili, na hali ikishatulia hakuna mkondo unaopita bure. Resista mwishoni ingekula umeme wakati wote ishara iko juu. Fundi wa simu na kompyuta akikuta resista hizi ndogo zimejipanga mstari mbele ya chipu, asidhani ni fyuzi na kuziruka kwa waya. Bodi inaweza kuwaka, kisha ikawa na makosa asiyoweza kuyaeleza.

Hoja ya tano: mahali ambapo resista ni kosa.

Mwaka wa masomo ukianza kila mwanafunzi hufundishwa kanuni ya Moritz Jacobi: mzigo hupata nguvu nyingi zaidi unapolingana na ukinzani wa chanzo. Ni kweli, lakini wakati huo nusu ya nguvu inabaki ndani ya chanzo. Mitambo ya Kidatu ingeendeshwa kwa kanuni hiyo, nusu ya nguvu ya Ruaha Mkuu ingeishia kuzichemsha jenereta zenyewe. Watu wa umeme wa majumbani hawalinganishi, na wako sahihi. Watu wa sauti nao wameacha: maikrofoni ya omu 150 huingizwa kwenye mikisa yenye omu 1,500 au zaidi, kwa sababu kwenye waya za ukumbini mwangwi wa sauti hauna maana, na kinachotakiwa ni volti.

Spika ndizo nilizoahidi. Amplifaya imeandikwa isishuke chini ya omu 8, na spika iliyopo ni ya omu 4. Mtu anaongeza resista ya omu 4 mfululizo, hesabu inatimia 8, amplifaya inapumua. Lakini katika wati 50, wati 25 zinaichoma resista, na ikiwa ni ile ndogo ya robo wati, moshi utatoka kabla ya adhana kwisha. Dawa iko kwenye honi zenye transfoma za laini ya volti 100, zinazofungwa misikitini, makanisani na shuleni: honi nyingi kwenye waya mmoja mrefu, mradi jumla ya wati isizidi uwezo wa amplifaya.

Kosa la pili ni kati ya antena na busta. Resista yoyote yenye joto hutoa kelele yake ya umeme. John Johnson aliipima na Harry Nyquist akaieleza, na kazi zao zikachapishwa mwaka 1928. Ukiweka kile kiungo cha 5.7 desibeli kabla ya busta, ishara inashuka lakini kelele haishuki nayo, na busta itavikuza vyote viwili bila upendeleo. Weka busta kwanza, juu mlingotini, kisha resista ikiwa unaihitaji. Na kwenye mtambo wa kurushia wa wati 100, kiungo hicho hicho kingekuwa jiko la wati 73. Huko kazi ni ya koili na kapasita.

Neno dogo juu ya resista yenyewe, maana hapa ndipo mpaka wake ulipo. Ile iliyozungushiwa waya ni koili iliyojificha. Kwenye masafa ya juu haifai kabisa. Hata resista nzuri ya utando wa metali huharibiwa na miguu yake. Sentimita moja ya waya, kwenye megahezi 100, huongeza takriban omu 6 za kikoili. Kateni miguu mifupi kadiri mnavyoweza kulehemu, au tumieni zile za kubandika juu ya bodi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda umenitazama kwa jicho kali, nami namalizia na kinachokuja. Kadiri kasi inavyopanda, hata milimita chache kati ya chipu na resista zimekuwa safari. Kwa hiyo resista zinahamia ndani. Tangu kizazi cha kumbukumbu za DDR2, chipu ya kumbukumbu hubeba resista zake za mwisho wa njia, na huziwasha na kuzizima kwa amri. Tatizo ni kwamba resista iliyochorwa ndani ya silikoni haina uaminifu. Hubadilika kwa joto na hutofautiana chipu kwa chipu. Kuanzia DDR3 suluhisho limekuwa kuweka nje, kwenye bodi, resista moja ya omu 240 yenye usahihi wa asilimia 1, na chipu hujipima nayo kila mara ili kujirekebisha. Ukiona kipunje kimoja cha omu 240 kando ya kumbukumbu, ndicho hicho.

Pikipiki na mabasi ya umeme yanayoingia mijini mwetu nayo yanategemea mitandao ya aina ya CAN kati ya betri na mota, kwa hiyo kipimo cha omu 60 kinakwenda kuwa kazi ya kila siku ya gereji ambazo leo zinabadilisha oili tu. Nimeleta hapa mezani kebo ya mita 20, jenereta ya mapigo, osiloskopu na mfuko wa resista za thamani mbalimbali. Wanafunzi wa mstari wa mbele watuanzie: fungeni ya 75 mwishoni, kisha ya 50, kisha acheni wazi, na kila mara mtuambie mnategemea kuona nini kabla hatujawasha. Maswali tuyapokee huku tukifanya.